Komeo la Lutu

Kuchagua filamu ndiyo kazi rahisi. Hapa Nairobi unatazama kinachoonyeshwa wiki hiyo, unaondoa cha watoto, unaondoa cha kutisha kwa sababu tuna kinyozi mmoja ambaye hupiga mayowe mpaka ukumbi mzima unageuka kututazama, na kinachobaki ndicho mtakachoona. Kazi ngumu ni ya mlango: nani aingie kikundini, nani asubiri, nani aambiwe hapana na kwa maneno gani. Kazi hiyo ni yangu. Nilifundisha somo la dini na Kiswahili katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na tangu nishike komeo hili nimekuwa nikirudia sura za Biblia nilizozifundisha kwa chaki mkononi, ila sasa nazisoma nikiwa nimesimama upande wa ndani wa mlango.

Kikundi chenyewe ni kidogo. Sisi ni makuchu wa rika zote: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na wawili watatu ambao jinsia waliyoandikiwa kwenye cheti cha kuzaliwa si yao. Tunakwenda sinema pamoja katikati ya wiki tiketi zikiwa nafuu, kisha tunakula chipsi na kubishana. Hatuna jina, hatuna mwenyekiti, hatujachapisha fulana. Yupo huyo kinyozi, yupo karani wa kampuni ya bima ambaye huja na tai shingoni, yupo kijana anayeuza mitumba Gikomba ambaye husinzia kabla filamu haijashika kasi na kuamka majina yakipita kwenye skrini. Hakosi hata wiki moja. Nilimuuliza kwa nini analipa ili alale.

"Mwalimu," akasema, "kwetu tunalala sita chumba kimoja na hakuna anayenijua. Hapa nalala katikati ya watu wanaonijua."

Nilipoanza kukisimulia kikundi hiki kwa rafiki mmoja mchungaji (tunaheshimiana, hatukubaliani), aliniambia kwamba kuketi gizani mkitazama upande mmoja bila kusemezana si jumuiya. Nilimkumbusha kwamba Jumapili kanisani kwake ndivyo tunavyoketi, tofauti ni taa. Alicheka. Lakini alikuwa amegusa jambo, maana Aristotle naye alisema kuishi pamoja kwa binadamu ni kushirikiana maneno na fikra, si kama ng'ombe wanaolisha kwenye malisho mamoja. Kwa kipimo hicho kikundi chetu huanza filamu ikiisha, chipsi zikiwa mezani, karani akimtetea mhalifu wa hadithi kama vile amelipwa. Ukumbi ni malisho. Sioni ubaya wa malisho, hasa kwa watu ambao kwingineko hufukuzwa.

Mara chache sana huwa tunaona filamu kuhusu sisi. Tukisubiri filamu yetu tutazeekea nyumbani. Ila kikundi kilizaliwa kwenye foleni ya filamu ya namna hiyo. Aprili 2018 bodi ya serikali ya kuainisha filamu ilipiga marufuku Rafiki, ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana huku baba zao wakipingana katika uchaguzi. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wake kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Nimesahihisha insha za vijana maisha yangu yote na sijawahi kumkata mwanafunzi alama kwa kosa hilo. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku saba, ili filamu itimize sharti la kuonyeshwa nyumbani kabla ya kufikiriwa kupelekwa kwenye tuzo za Oscar. Mwishowe Kenya ikapeleka filamu nyingine. Lakini zile siku saba tulizipata.

Nilipanga foleni Prestige Plaza, barabara ya Ngong. Wasichana waliojichora rangi mashavuni, wazee wenzangu wenye kofia, wanandoa waliokuja kwa udadisi tu, watu waliotazama viatu vyao wasitambuliwe. Tiketi ziliisha, ukumbi ukajaa. Kisha, kama ilivyo desturi ya kumbi zetu, ukapigwa wimbo wa taifa na sote tukasimama wima. Nilitazama kushoto na kulia: watu wengi sana ambao sheria ya nchi inawahesabu wahalifu, wamenyooka kama askari, wakisikiliza wimbo ambao kwa kweli ni sala. Hakuna aliyecheka. Tulipotoka, watu hawakutaka kuondoka. Namba za simu zikabadilishwa pale nje kwenye maegesho, na baada ya wiki kadhaa mtu akauliza: je, hatuwezi kwenda kuona filamu yoyote tu?

Wiki ile hapakuwa na mlinda mlango. Mlango ulikuwa wa mahakama, na kiingilio kilikuwa tiketi na umri wa miaka 18. Zilipokwisha siku saba, mlango ukawa wetu, na hapo ndipo maswali yalipoanza.

Mgeni wa Kenya asiyeishi maisha yetu huuliza mlango wa nini, kwani nani atawafanya nini? Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka 14. Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kukifuta. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba serikali haikuwa na haki ya kukataa kusajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji, kesi iliyoanza mwaka 2013. Kwa hiyo tunaruhusiwa kuungana. Kinachoadhibiwa ni kile kilichotuunganisha. Hata hivyo polisi si hofu yetu ya kila siku. Hofu yetu ni yule kijana mpole aliyekusalimia kwa simu, mkaandikiana wiki mbili, akakualika kwake, na ulipofika ukakuta wanaume watatu sebuleni. Wanajiita polisi. Wanachukua simu, wanataka namba ya siri ya M-Pesa, wanapiga picha, kisha wanakuuliza mama yako anaishi wapi. Huwezi kwenda kituoni kuripoti, kwa sababu maelezo utakayoandikisha ni ushahidi dhidi yako mwenyewe. Wawili kati yetu yamewapata hayo. Mmoja aliendelea kulipa kila mwisho wa mwezi, kama kodi ya nyumba.

Ndiyo maana siwezi kusema mgeni njoo mwenyeji apone, nikalala usingizi. Kuna wageni wanaokuja mwenyeji aumie. Na hata hivyo mlango usiofunguliwa ni kaburi. Kila aliye ndani leo aliwahi kuwa mtu asiyejulikana aliyesimama nje akitetemeka. Swali hili, la nini ninachowiwa na mtu asiyejulikana anayebisha hodi, si swali la usalama tu. Ni swali la kidini, na jibu lake nimelitafuta mahali ambapo wengi wangedhani ni pa mwisho pa kwenda: Sodoma.

Nimesikia Sodoma ikihubiriwa kwenye matatu, kwenye mazishi, kwenye harusi. Nimeifundisha mimi mwenyewe, maana mtaala ulitaka. Lakini soma sura mbili hizo, ya 18 na ya 19 ya kitabu cha Mwanzo, ukihesabu milango. Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema jua likiwaka. Anaona watu watatu, anakimbia kuwapokea, hawaulizi majina; mkate, ndama, maziwa. Wawili kati yao wanafika Sodoma jioni, na Lutu ameketi langoni pa mji. Anawasihi walale kwake. Usiku wanaume wa mji wanaizingira nyumba na kudai wageni watolewe nje wawatende watakavyo. Sasa tazama anachofanya Lutu. Anatoka nje, anaufunga mlango nyuma yake. Sijawahi kumsikia mhubiri akikawia kwenye mstari huo. Mtu mmoja amesimama kati ya umati na mlango wake, komeo limefungwa, mgongo wake ukiwa ubao wa ziada.

Kama hadithi ingeishia hapo, Lutu angekuwa mtakatifu wangu. Haiishii hapo. Pumzi chache baadaye anawaambia umati kwamba ana binti wawili, awatoe wawafanyie wapendavyo, mradi wageni wasiguswe. Wale wageni, ambao ni malaika, wanamvuta ndani, wanafunga mlango, na wale wa nje wanapigwa upofu hata wanahangaika kuutafuta mlango wasiuone.

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 19, kinarudia kisa hicho hicho katika mji wa Gibea, na safari hii hakuna malaika. Mzee mwenyeji anampokea Mlawi msafiri, wanaume wa mji wanauzingira mlango, mzee anamtoa binti yake kwa maneno, kisha Mlawi anamsukuma nje suria wake kwa mikono. Alfajiri mwanamke yule anakutwa ameanguka mlangoni, mikono yake juu ya kizingiti. Gibea ilikuwa mji wa Waisraeli wenyewe. Sijawahi kusikia mhubiri akisimama kwenye matatu kutoka Rongai akahubiri Gibea.

Sitaki kuingia katika vita vya mafafanuzi. Nabii Ezekieli alipoorodhesha dhambi ya Sodoma alitaja kiburi, shibe, na kutomshika mkono maskini. Yesu aliutaja mji huo alipokuwa akizungumzia miji itakayokataa kuwapokea wajumbe wake. Walionitangulia wameandika hayo vizuri. Mimi ninachokiona ni kidogo zaidi, na nimekiona kwa sababu ya kazi yangu. Lutu alikuwa sahihi alipotoka nje na kufunga mlango nyuma yake, na alipotea alipofungua mdomo. Katika tendo la kwanza aliulipia ukarimu kwa mwili wake. Katika la pili aliulipia kwa miili ya wengine, tena wengine ambao hakuwauliza. Binti wale walikuwa ndani. Walikuwa na haki ya komeo lile sawa na malaika.

Basi kanuni yangu ikatoka hapo: mwenye kushika mlango anaruhusiwa kuhatarisha kilicho chake tu.

Kwa vitendo ni hivi. Mtu mpya akitaka kuja, haletwi ukumbini. Ninakutana naye mimi, peke yangu, kwenye hoteli ya chai karibu na River Road, mchana, meza ya karibu na mlango. Sitaji jina la mtu mwingine yeyote, sisemi ni siku gani tunakwenda wala ukumbi upi. Ninaanza na habari zangu mimi. Jina langu halisi, shule nilizofundisha, na mwenzangu, ambaye alikuwa muuguzi, ambaye majirani walimjua kama binamu yangu miaka yote ile, na ambaye nilimzika nikiwa nimeketi safu ya nne kwa kuwa safu tatu za mbele zilikuwa za jamaa. Nikishamaliza, ninanyamaza na kunywa chai. Mtapeli hupapatikia kuuliza wengine ni akina nani. Mtu wetu kwa kawaida hulia, au huagiza mandazi, au vyote.

Mimi ndimi ninayefaa kazi hii kwa sababu nimebaki na kidogo cha kuibiwa. Pensheni haisikilizi uvumi. Nyumba ni yangu, hakuna mwenye nyumba wa kunifukuza. Wazazi wangu wamelala. Mwenzangu amelala. Atakayetaka kunitangaza na anitangaze, nitaongeza maelezo aliyoyasahau. Karani wa bima hawezi kuketi kwenye kiti kile, wala kijana wa Gikomba. Ninaona mara nyingi katika mashirika ya haki, ambayo nayaheshimu, kijana wa miaka 23 akiwekwa mbele ya kamera kwa sababu ana ujasiri. Ujasiri anao, lakini je, ana mahali pa kulala kamera ikizimwa? Ningependa wazee tuwe mlangoni kwanza.

Jacques Derrida angenikatalia. Mwanafalsafa huyo Mfaransa, aliyezaliwa Algeria, alitoa mihadhara juu ya ukarimu katika miaka ya 1990 na akahoji kwamba ukarimu wa kweli haumuulizi mgeni jina. Ukishamsaili umeshakuwa ofisa wa uhamiaji. Naye alimaliza kwa Lutu na kwa yule mzee wa Gibea, nikafurahi kuona kwamba hata huko Paris kuna aliyezisoma sura zile kwa jicho la mlango. Lakini alikubali pia kwamba ukarimu usio na masharti ukiachwa bila sheria yoyote ndogo ndogo hubaki ndoto, na unaweza kugeuka kinyume chake. Mimi ni mtu wa sheria ndogo ndogo. Chai ninalipa mimi.

Liko pia swali la pili la mlango, nalo ni la ulimi. Mlinzi wa jengo, akipitisha kile kifaa chake juu ya mikoba yetu, huuliza: "Mathe, nyinyi ni wa chama gani?" Namjibu: kikundi cha filamu. Ni kweli tupu, wala haimpi kitu. Lakini si wote wanaoulizwa na mlinzi. Tuna kijana ambaye kila Jumatano humwambia mama yake anakwenda mazoezi ya kwaya. Tuna mwanamke ambaye mume wake anajua yuko chama cha akina mama. Wameniuliza, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa dini, kama huo ni uongo au la.

Ni uongo. Sitawadanganya kuhusu kudanganya. Swali ni kama unasameheka, na hapo wakubwa hawaelewani. Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akija mlangoni mwako akiuliza kama rafiki yako amejificha ndani, huruhusiwi kumdanganya, kwa sababu ukweli ni deni kwa kila mtu. Kant hakuwa mchoyo wa nyumba yake. Uzeeni hakupenda kula bila wageni mezani. Sijui wageni hao walijisikiaje baada ya kusoma makala ile. Upande wa pili yuko Rahabu wa Yeriko, mwanamke wa jina baya, aliyewaficha wapelelezi darini na kuwaambia askari wa mfalme kwamba wamekwisha kutoka. Agano Jipya linamsifu mara mbili. Mtakatifu Augustino, aliyechukia uongo wa kila aina na kuandika vitabu viwili juu yake, alishikilia kwamba Mungu alimlipa Rahabu kwa wema wake, si kwa uongo wake.

Augustino huyo ametuachia kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kulikuwa na askofu wa Thagaste, mji aliozaliwa Augustino, huko huko panapoitwa Algeria leo. Jina lake Firmus. Alimficha mtu aliyesakwa na watumishi wa mfalme. Walipomjia akawajibu kwamba hawezi kusema uongo na hawezi kumtoa mtu. Wakamtesa. Hakusema. Wakampeleka mbele ya mfalme mwenyewe, naye akastaajabu, akamsamehe yule aliyefichwa.

Vijana wetu hukipenda kisa hiki mpaka wanapokifikiria. "Sasa Mwalimu," karani aliniambia, "Firmus alikuwa askofu. Hakuwa na bosi wa kumfuta." Ni kweli, ingawa mateso yalikuwa mateso. Jibu langu ni lile la Lutu. Firmus anasifika kwa kuwa mwili ulioteswa ulikuwa wake. Angeweza kuchagua. Lakini mtu ambaye ukweli wake utalipwa na mwingine, kwa nyumba ya mwingine, kwa kazi ya mwingine, hana ruhusa ya kuwa Firmus kwa gharama hiyo. Kijana wa kwaya akisema ukweli, atakayefukuzwa ni yeye; ana haki ya kusema, ana haki ya kunyamaza. Mimi nikisema kwa niaba yake, nimemtoa nje kama binti wa Lutu, hata kama nilichosema ni kweli tupu.

Nimewaona watu waliolielewa hili bila kusoma Augustino. Mwaka 2014 kundi la wasanii wa Nairobi, The Nest, lilikusanya visa vya watu kama sisi na kutengeneza Stories of Our Lives. Ilipopelekwa tamasha la Toronto, majina ya waliohusika yalikuwa yamefichwa. Huko huko watatu kati yao, Jim Chuchu, George Gachara na Njoki Ngumi, wakaamua kujitaja. Walitoa majina yao matatu, wakaacha ya wengine mahali yalipokuwa. Filamu ilipigwa marufuku hapa nyumbani, na Gachara akakamatwa mwaka huo huo kwa madai ya kurekodi bila leseni.

Binti mmoja wetu, Mwislamu wa Mombasa, huliita jambo hili sitara. Kwao mtu humsitiri mwenzake akitumaini kwamba Mungu naye atamsitiri. Nilimuuliza kama hiyo haimaanishi kwamba kuna aibu inayofunikwa. Akaniangalia kama mwanafunzi mzito. "Bibi, si hata mwili unavaa nguo? Kwani mwili aibu?"

Kanuni yangu nzuri ilijaribiwa na mama wa kijana wa kwaya.

Alinikuta sokoni, nikichagua nyanya. Alijitambulisha, tukasalimiana kwa mkono kama watu wazima, akanisaidia kubeba mfuko. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, kwamba yeye ni mwimbaji wa kwaya ile tangu kijana wake hajazaliwa, na kwamba kwaya hufanya mazoezi Jumamosi.

Nilinyamaza. Nilimkumbuka Firmus, na nyanya zilikuwa nzito.

"Sikuulizi kitu, Mwalimu," akasema. "Nilimfuata siku moja, nikamwona anaingia sinema na watu, na wewe ulikuwa mmoja wao. Alikuwa anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo nyumbani. Nataka siku moja niketi mahali anapoketi."

Nilimwambia kwamba mimi huenda sinema na watu, na kwamba huwa sisemi ni akina nani. Akajibu kuwa anaelewa. Lakini ombi lilikuwa limefika mlangoni, na lilikuwa na pande mbili za kusitiriwa. Nikimwambia kijana, nimetoa siri ya mama. Nikimkubali mama, nimetoa siri ya kijana na ya kila mtu atakayekuwa kando yake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa changu cha kuhatarisha. Nikaleta swali mezani, kwenye chipsi, bila majina: kuna mzazi wa mmoja wetu angependa kuja.

Sijawahi kuona meza ikinyamaza vile. Kila mmoja alidhani ni wake. Kinyozi, ambaye mama yake alikufa zamani, ndiye pekee aliyeendelea kula. Wengine walitaka aje, tena kwa hamu iliyonishtua. Nadhani kila aliyesema ndiyo alikuwa akimkaribisha mama yake mwenyewe. Kisha karani akasema hapana. Hakutoa sababu na hakudaiwa. Kwetu hapana moja inatosha, kwa sababu anayesema ndiyo anaweka rehani mpaka cha jirani yake, na anayesema hapana analinda chake. Nilimpigia mama simu nikamwambia haiwezekani. Akashukuru.

Jumatano iliyofuata alinunua tiketi yake dirishani kama mtu yeyote na akaketi safu ya nyuma kabisa, na bisi mkononi, amevaa kama anakwenda ibada. Ukumbi si wetu. Hilo ndilo Derrida hakulifikiria, wala mimi: mlango wetu uko ndani ya mlango mwingine ambao uko wazi kwa yeyote mwenye pesa ya kiingilio. Nilimwona wimbo wa taifa ukipigwa, tukiwa tumesimama. Taa zilipozimwa nikaacha kiti changu, nikapanda ngazi nikiushika ukuta, nikaketi kando yake. Hatukusemezana. Filamu ilikuwa ya wanaume wenye magari, sikumbuki magari yalikuwa yakikimbilia wapi.

Kijana alimwona taa zilipowashwa. Alisimama kwenye njia katikati ya viti kwa muda, watu wakimpita. Mama akamtazama, akatazama skrini, akasema, "Kumbe hii ndiyo kwaya."

Waliondoka pamoja, na waliyozungumza kwenye matatu ni yao. Karani hakufurahi. Alisema nilikuwa nimemkatalia mama kwa mdomo na kumwachia mlango kwa macho; kwamba mara tu nilipomwona ningewapa wenzangu ishara watoke. Nilimwambia ukumbi hauna komeo langu. Akasema hilo analijua, anachouliza ni hiki: je, angekuwa amekuja na mtu? Je, angekuwa si mama? Nilimjibu kwamba ndiyo maana nilihama kiti. Kama kungekuwa na simu ya kupiga picha, ningekuwa mimi wa kwanza mbele yake, na kama kungekuwa na jina la kutajwa nje kesho, lingekuwa langu.

"Hilo si jibu, Mwalimu," akasema. "Hicho ni kiti."

Sina jibu jingine, nilimwambia, na yeye akichaguliwa kushika mlango atachagua kiti chake. Sasa huja Alhamisi na wenzake wachache waliokubaliana naye, ukumbi mwingine, na ninapoalikwa nakwenda huko pia, nikipitia kwa mlinda mlango wao, ambaye alinisaili mchana kutwa kwa chai aliyolipa yeye.